Dada, nafasi yangu ni ngapi?

Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kusema nimedisko, wengine eti nimeolewa kimya kimya. Hamna lolote. Ni mwaka wa tatu tu huu, na ile karakana yetu ambayo ukiingia asubuhi unatoka jua limeshazama. Leo nimepata kimbweta chenye kivuli, chaji ipo, nikasema ngoja niandike hili kabla halijapoa.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani Tanga. Amemaliza kidato cha sita, PCM, anasubiri matokeo. Huyu ni yule niliyewahi kuwaambia kwamba alipokuwa darasa la tano aliifungua redio ya babu, akaifunga tena, skrubu moja ikabaki mkononi na redio ikaendelea kuimba. Hakuzunguka. "Dada shikamoo. Nataka kuomba IIT pale Zanzibar. Nafasi yangu ni asilimia ngapi?"

Mimi, kwa kujifanya mjuzi wa chuo kikuu, nikajibu palepale: "Ndogo sana mdogo wangu. Wale wanachukua mtu mmoja katika mia." Akanyamaza. Halafu akasema haya Dada, Mama anakusalimia. Akakata.

Usiku usingizi haukuja. Jibu lile nililijua, maana nilishawahi kujipa mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha sita kulikuwa na chuo kimoja cha nje, cha ufadhili, na fomu yao nilishaijaza nusu. Nikakuta mahali wameandika idadi ya waombaji na idadi ya wanaochukuliwa. Nikagawanya kwa kikokotoo cha simu, nikaona kile kidesimali, nikaifunga fomu. Hakuna aliyenikataa. Nilijikataa mwenyewe kwa kugawanya. Sijutii kuwa hapa Mlimani, mnajua ninavyopapenda pamoja na shida zake zote, lakini ile fomu nikiikumbuka inaniuma kama jino. Na sasa nilikuwa nimemfanyia mdogo wangu kitu kilekile, kwa sekunde mbili, kwenye simu.

Basi bwana, wiki nzima badala ya kupiga msuli wa mambo yangu nikawa nasoma historia ya hao IIT. Nilitaka kujua ile "moja katika mia" ilizaliwa wapi. Niliyoyakuta nawaletea hapa.

Kwa wasiojua: IIT ni Taasisi za Teknolojia za India. Ni chuo hiki na kile, ziko 23 kule kwao, na kuingia huko kunasifika kwa ugumu dunia nzima. Mwaka 2023 mojawapo, IIT Madras, ilifungua tawi Zanzibar, la kwanza la IIT nje ya India. Ndilo hilo analolitaka mdogo wangu.

Historia yenyewe inaanzia kifungoni, jamani. Sisemi kwa mafumbo, kifungoni kabisa. Karibu na mji wa Kharagpur, huko Bengal, Waingereza walikuwa na kambi ya kuwafungia watu waliopinga utawala wao, ikiitwa Hijli. Tarehe 16 Septemba 1931 polisi waliwafyatulia risasi wafungwa wasio na silaha ndani ya kambi hiyo, wawili wakafa. Miaka ya 1940 kamati moja chini ya Nalini Ranjan Sarkar ikapendekeza vianzishwe vyuo vinne vya juu vya teknolojia, kimoja kila upande wa nchi, kwa kuiga MIT ya Marekani. India ilipopata uhuru wake mwaka 1947 ikalitekeleza wazo hilo, na chuo cha kwanza kikapewa majengo ya Hijli. Mwaka 1951 wakaanza wanafunzi 224 na walimu 42. Palepale walipofungwa vijana kwa kudai uhuru, vijana wengine wakakaa kujifunza namna ya kujenga mabwawa na viwanda vya nchi huru. Nehru mwenyewe alikwenda kwenye mahafali yao ya kwanza mwaka 1956.

Sasa tulieni kwenye hesabu. Mwaka 1951 India ilikuwa na watu zaidi ya milioni 360. Wanafunzi 224. Hapo hakuna cha mtihani mgumu wala mwepesi, ni uchache wa viti. Na hapa ndipo Kiswahili chetu kilinisaidia kuliko vitabu. Sisi tunasema "nafasi" kwa vitu viwili: bahati ya mtu kupata kitu, na kile kiti chenyewe kilicho wazi. Kwenye daladala kondakta anasema nafasi ipo, na kwenye maisha tunasema huyu ana nafasi. Neno ni moja, na nadhani wazee hawakukosea. Nafasi ya mdogo wangu kabla ya kuwa akili yake ni idadi ya viti ambavyo watu fulani, siku fulani, waliamua kuviweka.

Na sisi tunalijua hilo. Chuo Kikuu chetu kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Ukitaka uhandisi ulikwenda Nairobi, ukitaka udaktari Makerere. Kitivo cha uhandisi hapa Mlimani kilianza mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Hapo nilicheka peke yangu kwenye kimbweta, maana nani alisaidia kujenga IIT Madras mwaka 1959? Ujerumani Magharibi haohao. Kumbe chuo anachokitaka mdogo wangu na karakana inayonichosha mimi vimepata mkono wa mlezi mmoja.

India ilikuwa na ujanja wake. Zama zile za Vita Baridi kila mkubwa alitaka rafiki, nao wakapokea kwa wote. IIT ya Bombay ilisaidiwa na Wasovieti kupitia UNESCO mwaka 1958, Madras na Wajerumani, Kanpur na vyuo tisa vya Marekani, Delhi na Waingereza. Kama mtoto anayekula kwa kila jirani na kurudi nyumbani ameshiba. Viti vikaongezeka, lakini watu waliovitaka waliongezeka haraka zaidi.

Ndipo ukaja mtihani. Miaka ya mwanzo Kharagpur walichagua kwa matokeo ya shule na usaili. Tatizo ni kwamba kila jimbo la India lina mitihani yake ya shule, sasa utamlinganisha vipi mtoto wa jimbo hili na wa lile? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikaanzisha mtihani mmoja wa pamoja, ambao siku hizi unaitwa JEE. Fizikia, kemia, hisabati, na mwanzoni kulikuwa na karatasi ya Kiingereza pia. Sifa yake kubwa mpaka leo ni kwamba simu ya mjomba haifanyi kazi. Uwe mtoto wa waziri, uwe mtoto wa mchuuzi, karatasi ni ileile. Nani kati yetu asiyeielewa thamani ya kitu kama hicho? Wote tumeshawahi kuona orodha ya majina ikibandikwa ubaoni, tukaanza kuulizana huyu naye kaingiaje.

Sasa tuje kwenye ile "moja katika mia" yangu. Nilichukua takwimu za India za mwaka 2023, nikafanya kile nilichopaswa kufanya kabla ya kufungua mdomo.

Mwaka huo hatua ya kwanza ya mtihani ilifanywa na watu zaidi ya milioni 1.1. Wanaofanya vizuri ndio huruhusiwa kwenda hatua ya pili, na hiyo ilifanywa na watu 180,372. Waliofaulu hatua ya pili ni 43,773. Na viti vya IIT zote 23 vilikuwa 17,385.

Gawanyeni wenyewe. Ukianzia foleni ya kwanza, wanaopata kiti ni kama 1.6 katika mia. Ukianzia ya pili ni karibu 10 katika mia. Ukianzia kwa waliofaulu ni karibu 40 katika mia. Viti ni vilevile, mwaka uleule, ila jibu ni matatu, kutegemea unaanzia kuhesabu kwenye foleni ipi. Mimi nilichukua foleni ndefu kuliko zote nikamrushia mdogo wangu usoni. Na ndani ya foleni ile wamo waliojiandaa miaka minne, wamo waliolazimishwa na baba zao, wamo waliokwenda kujaribu tu. Asilimia ile ni ya foleni nzima. Haisemi kitu kuhusu mtu aliyefungua redio akiwa darasa la tano.

Kibaya zaidi, foleni ile hata si ya kwake. Tawi la Zanzibar halikuanza na JEE. Lilipoanza lilitumia mtihani wake wa mchujo na usaili. Yaani nilimtisha mtoto kwa mlango ambao hata hapiti.

Nikaendelea kusoma, maana nilitaka kujua ule mtihani usio na mjomba umemwingiza nani. Hapa historia inakuwa chungu kidogo. Karatasi ni ileile kwa wote, sawa, lakini njia ya kufika kwenye karatasi siyo moja. Kwa miaka mingi watu wa tabaka za chini kabisa, wale ambao jamii ilikuwa inawaita wasioguswa, na watu wa makabila ya asili, walikuwa hawaonekani ndani ya IIT isipokuwa wachache mno. Mwaka 1973 zikatengwa nafasi kwa ajili yao: asilimia 15 kwa kundi la kwanza na 7.5 kwa la pili. Baadaye, mwaka 2008, wakaanza kutengewa asilimia 27 watu wa tabaka nyingine zilizobaki nyuma. Kelele zilikuwa nyingi na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi. Serikali ikaona dawa ni kuongeza viti vyenyewe ili wale wa zamani wasipunguziwe, na mwaka huohuo wa 2008 na uliofuata zikafunguliwa IIT mpya nane.

Halafu wasichana. Mwaka 2017 wasichana walioingia IIT hawakufika hata asilimia 10. Mwaka 2018 zikaanza kuwekwa nafasi za ziada kwa ajili yao, juu ya zile za kawaida, na kufikia mwaka 2020 lengo likawa asilimia 20. Nafasi za ziada, sikilizeni vizuri, hakuna mvulana aliyenyang'anywa kiti.

Kuna jamaa darasani kwetu, sitamtaja, anajijua, kila siku anasema mambo haya ni upendeleo. Mimi namuuliza swali moja: mtu akishaingia, mtihani wa kumaliza anafanya mwepesi? UE ya kwangu ina maswali tofauti na ya kwako? Anacheka, anahamisha mada kwenda kwenye mpira.

Na kwetu pia mlango umewahi kubadilishwa umbo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema mtu asitoke kidato cha sita moja kwa moja kuja chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, angalau miaka miwili, na apate maelezo mazuri ya mwajiri na ya chama. Nia ilikuwa wasomi wasiote mapembe. Lakini wasichana wakapungua ghafla, maana miaka miwili kwa msichana wa wakati ule ilikuwa ni posa, ndoa na mtoto. Mwaka 1976 wasichana wakaondolewa sharti hilo. Fikirieni. Akili za wale dada hazikubadilika kati ya 1974 na 1976. Kilichobadilika ni sentensi moja kwenye masharti, na nafasi yao ikapanda. Mama mmoja anayenifundisha aliposikia nasoma mambo haya aliniambia, "Mwanangu, wengi wetu tusingekuwa hapa." Hakuongeza neno.

Turudi India, kuna miji miwili lazima niwaeleze.

Wa kwanza ni Kota, jimbo la Rajasthan. Mapema miaka ya 1980 alikuwepo pale mhandisi wa kiwanda cha nyuzi, V. K. Bansal, ambaye misuli yake ilikuwa inadhoofika kwa ugonjwa. Akijua siku moja hataweza kazi ya kiwandani, akaanza kufundisha hisabati nyumbani, mezani kwake. Wanafunzi wake wakaingia IIT, habari zikasambaa. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1997, lakini tuisheni zikawa ndizo kiwanda kipya. Wakaja walimu wengine, mabweni, mama ntilie, wauza vitabu, mpaka Kota ikawa mji wa tuisheni wenye watoto kama laki mbili kutoka kila kona ya India. Sisi tunaojua tuisheni za Mchikichini tuzidishe mara nyingi tupate picha. Wazazi wanauza shamba, wanakopa, mtoto wa miaka 15 anapelekwa mbali na nyumbani, anapangwa darasa kulingana na alama za wiki ile.

Mwaka 2023 wanafunzi zaidi ya 20 walijiua katika mji huo mmoja. Mwezi Agosti mwaka huo uongozi wa wilaya uliviamuru vituo visitoe mitihani ya majaribio kwa miezi miwili. Nilisoma hapo nikafunga kompyuta, nikaenda kutembea mpaka Nkrumah na kurudi. Nilimfikiria mdogo wangu aliyekata simu polepole. Nilifikiria pia jinsi tunavyoongea sisi wakubwa, kwamba usipoingia pale basi wewe si kitu. Watoto wale hawakuwa wajinga. Lakini wameambiwa mlango ni mmoja. Kama unasoma hapa na una mawazo hayo, au una rafiki ambaye siku hizi haongei, tafadhali ongea na mtu leo, mlezi wa bweni, rafiki, mchungaji, shehe, yeyote. Hakuna chuo chenye thamani ya uhai wako.

Mji wa pili ni Patna, jimbo la Bihar. Huko kuna mwalimu wa hisabati anaitwa Anand Kumar. Alipokuwa kijana alipata nafasi ya kwenda kusoma Cambridge, Uingereza, ila familia haikuwa na hela za kumpeleka. Baba yake akafariki, mama akawa anatengeneza papadi nyumbani, kijana anazitembeza jioni kuziuza. Mwaka 2002 akaanzisha darasa aliloliita Super 30: kila mwaka alikuwa anachagua watoto 30 kutoka familia maskini, akiwapa chakula na malazi na kuwafundisha bure kwa ajili ya JEE. Mama yake ndiye aliyekuwa akiwapikia. Mwaka 2008 wote 30 walifaulu. Watu wamebishana kuhusu hesabu za miaka mingine, lakini mimi kilichonigusa ni kitu kimoja. Mtoto wa maskini wa Bihar, kabla ya kuingia kwenye ile nyumba, nafasi yake ilikuwa karibu na sifuri. Akipata wali, kitanda na mwalimu mwaka mmoja, nafasi inapanda. Kichwa ni kilekile alichotoka nacho kijijini.

Nikaja sasa Zanzibar kwetu. Mkataba ulisainiwa Julai 5, 2023, Rais Mwinyi na waziri wa mambo ya nje wa India wakishuhudia, na chuo kikafunguliwa rasmi Novemba mwaka huohuo, pale Bweleo, Unguja. Walianza na nafasi 50 za shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili mnemba, na 20 za uzamili. Mkurugenzi wa kwanza ni Preeti Aghalayam, aliyesoma IIT Madras mwenyewe, na ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza tawi lolote la IIT. Kwa karne nyingi majahazi ya Kihindi yalikuja na upepo wa kaskazi yakileta vitambaa, yakarudi na kusi yamebeba pembe za ndovu na karafuu. Safari hii wameleta darasa, nami nafurahi.

Lakini lazima niseme na la pili. Ada iliyotangazwa kwa shahada ya kwanza mwaka ule wa 2023 ilikuwa dola 12,000 kwa mwaka. Kwa fedha yetu ya wakati huo ni karibu shilingi milioni 30. Mama yetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Hapo sihitaji kugawanya. Kwa hiyo tukiulizana nafasi ya mtoto wa Tanga kuingia pale, ukweli ni kwamba mchujo ni sehemu moja tu ya jibu. Sehemu nyingine ni nani analipa: ufadhili, mkopo, au mjomba ambaye hatunaye. Ninyi mnaosubiri bumu kila muhula mnanielewa. Nafasi inaweza kuwepo kwenye karatasi, na kiti kikawa wazi, na mtu mwenye akili akabaki kituoni kwa kukosa nauli.

Jumamosi nikampigia.

"Mdogo wangu, wiki iliyopita nilikujibu vibaya. Naomba unisamehe."

"Ah, Dada, mimi nilishasahau." Hakuwa amesahau, namjua.

Nikamweleza yote. Kambi ya Hijli, foleni tatu, dada zetu wa 1976, Kota, Patna, ada. Alisikiliza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akauliza tena, mkaidi kama babu yake: "Kwa hiyo Dada, nafasi yangu ni ngapi?"

Nikamwambia sijui. Nimesoma wiki nzima na sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya, nikiwemo mimi wa Jumapili iliyopita. Ninachojua ni kwamba usipopeleka fomu ni sifuri, hiyo haihitaji utafiti. Ninachojua pia ni kwamba vyuo vya hapa uombe vilevile, na vyuo vingine vya India uviangalie, usiweke maisha yako yote kwenye mlango mmoja. Mchujo ujiandae kwa hisabati yako uliyonayo, nitakutumia madesa yangu. Na kuhusu ada, tuanze kuulizia ufadhili sasa hivi, tusisubiri majibu ndipo tukimbizane.

Akacheka. "Fomu nilishaijaza, Dada. Nilipokupigia siku ile nilikuwa nimeshafika ukurasa wa mwisho."

Nikabaki mdomo wazi. Mama akachukua simu, shikamoo Mama, marahaba mwanangu. Nikaanza kumweleza habari za milioni 30 kwa sauti ya upole, kumwandaa. Akanikata. "Nimeshaona hizo hela, mdogo wako kanionyesha. Mwanangu, mtu hakatai posa ambayo haijaletwa. Wakimtaka, tutakaa tuongee. Wasipomtaka, milioni 30 zangu nitakuwa nimeziokoa." Akacheka yeye kwanza, tukacheka wote.

Kabla ya kukata mdogo wangu akarudi kwenye simu. "Dada, na wewe ile fomu yako, uliipeleka?"

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia habari za ile fomu. Labda Mama. Nikamwambia hapana, ile ilishapita muda wake. Akasema, "Basi mwakani ukimaliza uombe ya uzamili. Pale Zanzibar zipo. Tutakuwa tunapanda boti pamoja."

Wadau, namaliza mwakani panapo majaliwa, maana uhandisi wetu ni miaka minne. Chaji imebaki kidogo na cafeteria wakimaliza wali nitalala njaa. Nimeshaangalia ukurasa wa uzamili wa Bweleo mara mbili leo. Sijagawanya kitu.